Kicheza muziki cha mfukoni: kipi cha kununua kwanza na kipi cha kuachwa dukani

Apple ilipotangaza Mei 2022 kwamba haitatengeneza tena iPod touch, wengi waliona kwamba habari ya vicheza muziki vya mfukoni imefikia mwisho, kwa kuwa simu ilikuwa imeshaichukua kazi hiyo. Mambo hayakwenda hivyo. Simu mpya nyingi zimeondolewa tundu la waya wa spika za masikioni, nyingine zimeondolewa na tundu la memori kadi, betri zake zina shughuli chungu nzima za kufanya kabla ya jioni, na kusikiliza muziki mtandaoni kunakula bando. Mtu mwenye hazina yake mwenyewe, iwe ni taarabu iliyokuwa kwenye kaseti za nyumbani, rumba, kaswida, mapambio au mawaidha ya saa nzima, bado ana sababu nzuri ya kutafuta kifaa kidogo kisicho na kazi nyingine.

Mwongozo huu unapanga aina sita za vifaa kwa kipimo kimoja, nacho ni namna kifaa kinavyoyashughulikia mafaili uliyonayo. Ubora wa sauti umewekwa nyuma kwa makusudi. Karibu kila kifaa cha kampuni inayoeleweka hutoa sauti safi kuliko spika za masikioni za bei ndogo zinavyoweza kuionyesha, ilhali si kila kifaa kinachokumbuka kwamba jana uliishia dakika ya 37 ya darsa, au kinachojua kwamba wimbo wa pili huja kabla ya wimbo wa kumi.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba nyimbo ulizonazo ni mafaili kweli. Nyimbo ulizozipakua ndani ya programu za Spotify au Boomplay hazihamishiki kwenda kifaa kingine cha kawaida: zimefungwa ndani ya programu yenyewe, na Spotify hutaka simu iunganishwe na intaneti angalau mara moja katika kila siku 30 ili ziendelee kupigwa. Yanayohamishika ni mafaili ya MP3, FLAC (faili kubwa lisilopoteza chochote cha CD) au m4a yaliyo mikononi mwako: muziki ulionunuliwa kwenye duka la mtandaoni la Bandcamp, ambako mnunuzi huchagua mwenyewe aina ya faili, nyimbo za duka la iTunes, ambazo Apple iliziondolea kufuli mwaka 2009, CD ulizozinakili kwenye kompyuta, na kaseti ulizozirekodi kwa programu ya bure ya Audacity. Anayesikiliza kwa usajili wa mtandaoni pekee asome habari za chaguo la pili na la tatu; mengine hayamhusu.

Mpangilio wenyewe

Nafasi ya kwanza naipa kicheza muziki cha vitufe chenye tundu la memori kadi, cha bei ya chini ya dola 100 za Marekani. Mfano mzuri ni Snowsky Echo Mini ya kampuni ya FiiO ya China, kifaa chenye umbo la kuigiza kaseti, kinachosoma FLAC na kupokea kadi ya hadi GB 256. Katika bei ya chini zaidi kuna SanDisk Clip Jam, kidogo kama kiberiti, chenye redio ya FM. Kinachovipa vifaa vya aina hii nafasi hii ni vitufe. Ndani ya daladala au matatu iliyojaa, ukiwa umeshika bomba kwa mkono mmoja, unaweza kuruka wimbo au kupunguza sauti kwa kupapasa mfukoni tu, jambo ambalo kioo cha kugusa hakiruhusu.

Hata hivyo vifaa vya kundi hili havilingani, na tofauti kubwa iko kwenye uwezo wa kuendelea pale ulipoishia. Kwa wimbo wa dakika nne uwezo huo hauna maana sana. Kwa msikilizaji wa mahubiri, darsa, vitabu vya kusikiliza au miksi ya singeli ya saa nzima iliyo katika faili moja, ndio unaoamua kama kifaa kitatumika au kitatupwa kwenye droo. Vifaa vya SanDisk vya familia ya Clip, kwa mfano, vina folda maalumu za vitabu na podikasti, na faili lililowekwa humo huendelea pale lilipoachwa hata baada ya kusikiliza kitu kingine katikati. Faili hilohilo likiwekwa kwenye folda ya muziki, halipewi huduma hiyo. Muuzaji hatakueleza hayo, na kwenye boksi hayaandikwi kwa herufi kubwa.

Nafasi ya pili ni ya simu janja iliyotumika yenye tundu la waya na la kadi. Toa laini, zima kila kitu isipokuwa programu ya muziki kama VLC, iweke katika hali ya ndege, na utakuwa na kicheza muziki chenye kioo kikubwa kinachosoma karibu kila aina ya faili. Udhaifu wake ni betri iliyochoka, lakini hapa simu ina nafuu ambayo vifaa vidogo havina: fundi simu wa mtaani anaweza kuibadilisha, kwa kuwa betri za simu zilizouzwa kwa wingi hupatikana. Kama simu hiyo iko kabatini kwako tayari, ihesabu kuwa ya kwanza na usinunue chochote isipokuwa kadi.

Ya tatu ni vicheza muziki vinavyotumia Android, kama Sony Walkman NW-A306 iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na GB 32 za ndani, tundu la kadi na tundu la waya. Bei yake ilianzia zaidi ya dola 300. Ni kifaa kizuri mno, na kwa mtu mwenye CD nyingi alizozigeuza kuwa FLAC pamoja na spika za masikioni zinazostahili, sina la kumzuia. Ninachokataa ni kuuziwa namba. Rekodi za Siti binti Saad, ambazo zilianza kufanywa Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya santuri, hazipati kitu cha ziada kwa kupigwa na kifaa kinachojisifu kwa kilohezi 192, yaani sauti kupimwa mara 192,000 kwa sekunde, na MP3 yenye kilobiti 128 kwa sekunde, kiwango cha chini cha ubora, hubaki vilevile hata ikichezwa na kifaa cha dola elfu moja. Isitoshe, Android huzeeka: betri na spika vikiwa bado vizima, programu za mtandaoni huanza kukataa toleo la zamani.

Nafasi ya nne, na najua wapo watakaoniona mkali, ni simu ya vitufe, kitochi kwa Watanzania na kabambe kwa Wakenya. Nokia 110 na simu nyingi za itel na Tecno za aina hiyo hupokea kadi ya hadi GB 32, zina spika inayosikika shamba zima, redio, tochi, na chaji ya siku kadhaa. Tatizo ni mpangilio: nyingi humwaga nyimbo zote katika orodha moja ndefu, hazisomi FLAC, na mara nyingi kadi hukaa chini ya betri, kwa hiyo kuibadilisha ni kuizima simu kwanza. Kwa mwenye nyimbo mia mbili inatosha kabisa.

Ya tano ni iPod iliyotumika. Umbo lake halijapata mpinzani, na iPod classic ya mwisho, iliyoacha kuuzwa mwaka 2014, ilikuwa na nafasi ya GB 160. Lakini haikubali kunakiliwa nyimbo kwa kuburuta tu. Inataka iTunes au programu ya jamii hiyo, hifadhi yake ni diski inayozunguka iliyokwisha zeeka, na betri yake huhitaji fundi mwenye mkono mwepesi. Wapo wanaoweka kadi mahali pa diski na kuingiza Rockbox, programu endeshi ya bure inayoifanya ikubali folda na FLAC. Hiyo ni burudani ya wapenda ufundi, nami sioni sababu ya kumshauri mnunuzi wa kawaida aianze.

Ya mwisho ni vile vicheza muziki vidogo vya kubana kwenye nguo, visivyo na kioo wala jina la kampuni, vinavyotundikwa kwa wingi kwenye vibanda. Havionyeshi wimbo, huanza upya kila vinapozimwa, na betri yake hufa mapema. Mtoto anayekimbia nacho uwanjani atakifurahia. Zaidi ya hapo, kiache.

Kadi na mafaili

Fedha utakayookoa kwenye kifaa iweke kwenye kadi. Wimbo wa dakika nne wenye kilobiti 320 kwa sekunde huchukua MB 9.6, kwa hiyo kadi ya GB 32 hubeba nyimbo zaidi ya 3,000 za kiwango hicho, au zaidi ya 8,000 za kilobiti 128. FLAC hutunza kila kilichokuwa kwenye CD na kwa kawaida huchukua kama nusu ya ukubwa wake wa asili, yaani karibu mara mbili au tatu ya MP3 kubwa. Kwa kusikiliza barabarani, MP3 nzuri inatosha. FLAC ibaki nyumbani kwenye kompyuta kama nakala ya akiba.

Kadi bandia ni tatizo la kweli. Hujitangaza kuwa na GB 128 ilhali ndani mna 8, na dalili yake inapotosha: nyimbo za mwanzo hupigwa vizuri, zinazofuata huonekana kwa majina lakini hazitoi sauti, na mwenye kifaa hulaumu kifaa. Ijaze kadi mpya kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, kabla ya kuweka wimbo hata mmoja. Fahamu pia kwamba kadi za GB 64 na kuendelea huja zikiwa na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, na vifaa vingi vya bei ndogo husoma FAT32 tu. Kadi "isiyosomeka" mara nyingi inahitaji kufomatiwa upya, haijaharibika.

Kinachowashinda wengi zaidi ni taarifa za wimbo zilizofichwa ndani ya faili, zile zinazoitwa ID3 kwenye MP3. Katika orodha ya wasanii kifaa hakisomi jina ulilolipa faili; kinasoma taarifa hizo, na ndipo unapokuta nyimbo mia tatu za wasanii tofauti zimewekwa chini ya "msanii" mmoja ambaye kumbe ni anwani ya tovuti zilikopakuliwa. Ndipo Mbaraka Mwinshehe anapogeuka watu watatu, mmoja Mwinshehe, mwingine Mwinyshehe, wa tatu Mbaraka Mwaruka, kila mmoja na nyimbo zake chache. Bongo Fleva ina adha yake ya pekee: kila wimbo wenye mgeni humzaa msanii mpya, na orodha hujaa jina lilelile likifuatwa na "ft." mara kumi na mbili. Dawa yake ni kuandika jina la mwenye wimbo pekee kwenye nafasi ya msanii, na kumhamishia mgeni kwenye jina la wimbo.

Kazi hiyo haihitaji utaalamu. Kwenye programu ya Mp3tag fungua folda ya albamu moja, chagua mafaili yote, andika msanii, albamu na mwaka mara moja, kisha hifadhi. Nafasi ambazo hukuzigusa hubaki zilivyo. MusicBrainz Picard huweza kuutambua wimbo kwa sauti yake na kujaza taarifa yenyewe, ila kwa taarabu za zamani na kaseti za mitaani usitegemee sana, kwa sababu nyingi hazijaingizwa na mtu kwenye kanzidata yake.

Jambo la mwisho kuhusu mafaili ni mfuatano. Vifaa vingi vya bei ndogo hupiga nyimbo kwa mfuatano zilivyoandikwa kwenye kadi, bila kujali alfabeti wala namba. Mfululizo wa darsa au wa sura za Biblia ukinakiliwa ovyo hupigwa ovyo. Anza majina kwa 01, 02 hadi 10 na kuendelea, nakili folda nzima kwa mkupuo kwenye kadi iliyo tupu, na ikibidi tumia programu ya FATSort kupanga upya.

Mbele ya kaunta

Nenda Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au duka lolote ukiwa na kadi yako mwenyewe uliyoiandaa nyumbani: MP3 moja, FLAC moja, m4a moja, faili moja la saa nzima, na folda ya nyimbo kumi na mbili zenye namba. Muombe muuzaji aiingize. Piga faili refu, peleka mbele hadi katikati, zima kifaa, kiwashe, uone kinaanzia wapi. Fungua folda uone kama wimbo wa 2 unafuata wa 1. Chomeka waya, pandisha sauti, na usikilize kama kuna mvumo wimbo unaposimamishwa. Tazama tundu la kuchajia pia, kwa kuwa kifaa cha USB-C kitatumia chaja uliyonayo. Kwa mtoto, tafuta kifaa chenye kikomo cha sauti kwenye mipangilio: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75. Muuzaji akikataa kadi yako isiingizwe kwenye kifaa kilichofunguliwa kwa ajili ya maonyesho, maduka yako mengi. Akikubali, na kifaa kikafaulu, dai risiti yenye namba ya kifaa kabla boksi halijafungwa.