Klorini ya unga au ya maji: ipi haisumbui baada ya dozi kubwa?

Wenye mabwawa ya kuogelea Kampala na Entebbe hubishana sana hapa. Kwa kubeba na kuhifadhi, unga unashinda waziwazi: una klorini asilimia 65 hadi 70, ya maji 10 hadi 12 tu, na madumu yakikaa kwenye stoo ya joto hupungua nguvu.

Kwenye kusawazisha maji ya bwawa baada ya dozi, mambo hugeuka. Unga huacha kalisi, madini yanayofanya maji kuwa magumu. Bwawa lililojazwa maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, ambayo ni laini (yana kalisi kidogo), haliumii. Pengine hata linafaidika. La maji magumu ya kisima huota ukoko mweupe kwenye vigae, hasa pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) ikipanda. Hapo mimi ningechukua ya maji.

Kwa zote mbili, pima pH baada ya klorini kushuka, maana ikizidi sana kipimo hudanganya. Lenga 7.2 hadi 7.8.

Hoteli yenye muuzaji jirani itafaana na madumu. Nyumba ya mbali, unga kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Na ukiyeyusha, tia unga kwenye maji, kamwe usimwagie unga maji.