Nililipia jarida la uwekezaji lililochambua hisa, benki na nyumba baada ya mtikisiko wa 2008: upande wa benki unalipa, kwingine nina maneno

Nianze na jibu, maana wanaoniuliza wanataka kujua kama watoe pesa au wasitoe. Kama unafuatilia hisa za benki, toa. Kama unataka kuambiwa soko la hisa linaelekea wapi, baki na pesa yako. Kuhusu nyumba, utapata nusu ya unachohitaji, na hiyo nusu ni nzuri.

Jina la jarida naliacha pembeni. Majarida ya aina hii ni mengi na tabia zao zinafanana, kwa hiyo nitakayosema yatakufaa hata kama umejiunga na jingine. Linatoka kila mwezi, linahusu soko la Marekani, na mwanachama anapata pia ripoti maalumu ya benki kila robo mwaka pamoja na kumbukumbu za matoleo yote ya nyuma. Hizo kumbukumbu ndizo zilizonivuta. Mimi ni mhasibu, na siwezi kusoma maoni ya mtu kuhusu fedha bila kuweka tarakimu kando yake. Nikachukua matoleo kuanzia Septemba 2008, mwezi ambao benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilifilisika, hadi mwisho wa 2012, nikayasoma kwa mfululizo huku bei halisi zikiwa mbele yangu. Ukitaka kumjua mshauri wa uwekezaji, mpime hivyo. Toleo la mwezi huu kila mtu anaweza kuliandika vizuri.

Kwa hisa kwa jumla, jarida lilikuwa na msimamo mmoja tu: kaa na fedha taslimu, hatari bado. Msimamo huo uliwaokoa wasomaji wake mwishoni mwa 2008, na sipendi kuupuuza. Fahirisi ya S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani), iliyokuwa imefunga kwenye 1,565 mnamo Oktoba 9, 2007, ilifunga kwenye 676 mnamo Machi 9, 2009. Hiyo ni asilimia 57 imeyeyuka. Aliyetii jarida aliyaona hayo akiwa nje ya uwanja.

Shida ni kwamba hakuambiwa arudi lini. Soko lilipoanza kupanda Machi ile, jarida likaandika kwamba ni mpando wa uongo. Mwaka 2009 ukaisha fahirisi ikiwa 1,115, na bado ni uongo. Ikaja 2010, ikaja 2011 na hofu ya madeni ya Ulaya, hoja ni ile ile. Hoja zenyewe zilikuwa za kweli, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi ninaposoma. Ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 mnamo Oktoba 2009. Benki 140 zilifungwa mwaka huo, na nyingine 157 mwaka 2010. Mwandishi hakubuni kitu. Lakini habari mbaya ambayo kila mtu anaijua huwa imeshaingia ndani ya bei, na soko haliwasubiri wasio na ajira wapate kazi ndipo lipande. Bei inapanda pale ubaya wa mambo unapokuwa mdogo kuliko watu walivyotarajia, hata kama bado ni mabaya. Katika miaka yote minne niliyosoma, sikuona mahali ambapo wazo hilo limewekwa wazi.

Wakati huo huo Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, alikuwa ameandika gazetini, Oktoba 2008, kwamba ananunua hisa za Marekani kwa akaunti yake binafsi, akisema wazi kwamba hajui soko litafanya nini katika muda mfupi. Jarida lilimpinga vikali. Na kweli, soko liliendelea kuanguka kwa miezi mingine mitano, jarida likaonekana limeshinda. Fahirisi ilipovuka kilele chake cha zamani, Machi 2013, kile kisa cha Buffett hakikuguswa tena. Ukihesabu na gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa), mwenye hisa alikuwa ameshafidiwa tangu 2012. Ninalidai jarida kitu kimoja tu hapa: ukurasa mmoja kwa mwaka unaosema tulitabiri hivi, ikatokea hivi. Mteja anayelipa ana haki ya kuuona.

Sasa benki. Hapa ndipo fedha yangu inapokwenda kwa moyo mweupe.

Kila robo mwaka wanachukua benki kubwa moja moja na kuifungua mizania yake: mtaji wa wanahisa wa kawaida baada ya kutoa mali zisizoshikika (kama thamani ya jina la benki), mikopo chechefu (isiyolipwa inavyotakiwa), akiba iliyotengwa kwa ajili ya mikopo hiyo, na safu moja ambayo sijaiona ikipewa uzito huo kwingine, yaani idadi ya hisa mpya ambazo benki italazimika kuuza ili ijaze pengo. Safu hiyo peke yake inastahili ada. Mapema 2009, kabla serikali haijatoa matokeo ya majaribio ya uhimilivu (ya kupima kama benki zingestahimili hali mbaya zaidi), jarida lilikuwa limeshawaeleza wasomaji kwamba benki inaweza kupona huku mwenye hisa akaangamia. Mei 7, 2009 matokeo yakatoka: katika benki kubwa 19, benki 10 zilitakiwa kuongeza mtaji wa jumla ya dola bilioni 74.6, na Bank of America peke yake dola bilioni 33.9. Mtaji huo ulipaswa kutoka mahali, na kwa sehemu kubwa ulitoka kwenye hisa mpya.

Nilielewa thamani ya ripoti hizi siku nilipomsomea mama mmoja mwalimu mstaafu katika kikundi chetu cha akiba. Aliniuliza, Mhasibu, hisa ya benki ya Citigroup ilikuwa dola 55 kabla ya mtikisiko, ikashuka hadi chini ya dola moja Machi 2009, sasa iko kama dola 4. Si itarudi tu 55? Kwa nini tusinunue tukasubiri? Ni swali la maana sana, na wawekezaji wengi walinunua benki kwa hesabu hiyo hiyo. Nikamwambia, Mwalimu, tuisome ripoti pamoja.

Kabla ya mtikisiko Citigroup ilikuwa na hisa takriban bilioni 5. Serikali ilipobadilisha sehemu ya msaada wake kuwa hisa za kawaida, na wenye hisa za upendeleo (zinazolipwa gawio kabla ya hisa za kawaida) nao wakabadilisha za kwao, hisa zikafika karibu bilioni 29. Mkate ni ule ule, waliokaa mezani wameongezeka zaidi ya mara tano. Tulipiga hesabu pamoja. Hisa bilioni 5 kwa dola 55 ni benki yenye thamani ya dola bilioni 275. Hisa bilioni 29 kwa dola 4 ni dola bilioni 116. Kwa hiyo benki nzima ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, lakini mwenye hisa mmoja mmoja alikuwa amepoteza asilimia 93. Na ili hisa hiyo irudi dola 55, benki ingepaswa kuwa na thamani ya karibu dola trilioni 1.6. Mwalimu alinyamaza, akachukua kalamu, akarudia kuzidisha mwenyewe. Mei 2011 Citigroup iliunganisha kila hisa 10 kuwa moja, bei ikaonekana kama dola 44 kwenye skrini, na jarida likatoa onyo siku hizo hizo kwamba hakuna aliyepata faida yoyote kwa kitendo hicho. Ushauri wa namna hiyo unamlinda mtu.

Walikuwa makini pia na gawio. Bank of America ilikuwa ikilipa senti 64 kwa robo mwaka, na mwanzoni mwa 2009 ikashusha hadi senti moja. Ilikaa hapo hadi 2014. Mstaafu aliyenunua hisa za benki kwa ajili ya kipato cha kila robo aliumia hata kama benki haikufa. Jarida lilieleza kwamba, baada ya majaribio yale, ruhusa ya kuongeza gawio iko mikononi mwa Benki Kuu ya Marekani, hivyo faida ikirudi leo, gawio halitarudi kesho. Vilevile lilieleza kwa nini baadhi ya benki ndogo ziliumizwa na hisa za upendeleo za Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni kubwa za kununua na kudhamini mikopo ya nyumba: zilizishika zikiamini ni salama, kisha Septemba 2008 serikali ikazichukua kampuni hizo mbili na gawio likasitishwa. Hapo msomaji anaona jinsi nyumba, benki na hisa zilivyofungwa kamba moja.

Kasoro ya ripoti za benki ni kuzipaka zote rangi moja. Hisa ya benki ya Wells Fargo ilianguka chini ya dola 10 Machi 2009, na Aprili 9 benki hiyo ikatangaza kwamba inatarajia faida ya takriban dola bilioni 3 kwa robo ile ya kwanza. Benki yenye amana nyingi za bei rahisi za watu wa kawaida ina uwezo wa kuchuma taratibu hadi iyafunike mashimo yake. Benki inayotegemea fedha za kukopa sokoni haina muda huo. Jedwali lilikuwa na tarakimu za kuzitofautisha, ila hitimisho likawa lile lile kwa wote: kaa mbali. Na mwaka 2011, Buffett alipoweka dola bilioni 5 Bank of America, ripoti ilifanya kazi safi sana ya kueleza kwamba yeye hakununua hisa unazonunua wewe. Alipata hisa za upendeleo zenye gawio la asilimia 6 pamoja na haki ya kununua hisa milioni 700 kwa dola 7.14 kila moja, kwa muda wa miaka 10. Waliomfuata kwa kununua hisa za kawaida Agosti ile waliiona bei ikishuka chini ya dola 5 Desemba. Uchambuzi huo niliuchapisha na kuugawa kwenye kikundi.

Nyumba nitazipitia kwa ufupi zaidi, kwa sababu jarida lenyewe linazipitia kwa ufupi. Walipatia jambo kubwa: serikali ilipotoa nafuu ya kodi ya hadi dola 8,000 kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, bei zikainuka, na jarida likasema zitashuka tena nafuu ikiisha. Nafuu hiyo ilihitaji mkataba uwe umesainiwa kufikia Aprili 30, 2010, na baada ya hapo bei zikateremka kweli hadi mwanzoni mwa 2012, zikiwa chini kwa takriban asilimia 27 kutoka kilele cha 2006 kwa kipimo cha taifa cha bei za nyumba kiitwacho Case-Shiller. Walieleza pia kwamba kipimo hicho ni wastani wa miezi mitatu na kinatoka kikiwa kimechelewa, hivyo ukikiona kimegeuka, soko limegeuka zamani.

Lakini wastani wa taifa haumsaidii mtu anayenunua nyumba moja mtaa mmoja. Las Vegas ilipoteza zaidi ya asilimia 60. Dallas iliguswa kidogo tu. Na katika majimbo ambako benki lazima ipite mahakamani ndipo ichukue nyumba, kama New Jersey na Florida, nyumba za wadaiwa zilikwama kwa miaka, wakati Arizona hazihitaji hakimu, zikauzwa upesi na soko likajisafisha. Phoenix ilipanda zaidi ya asilimia 20 mwaka 2012, kampuni kubwa za uwekezaji kama Blackstone zikinunua nyumba za kupangisha, na jarida bado linazungumzia nyumba za Marekani kama vile zote ziko kwenye barabara moja. Halafu wanaipima nyumba kwa bei tu. Anayeishi ndani yake anaokoa kodi ya pango kila mwezi, na mwenye mkopo wa riba isiyobadilika anajua atalipa nini hadi mwisho. Mwekezaji wa hisa hana vitu hivyo. Hesabu ya kodi ya pango dhidi ya bei ilipaswa kuwemo katika kila toleo, na ipo katika matoleo machache mno.

Kuhusu huduma: tovuti yao inafunguka vizuri kwenye simu, majedwali yanapakuliwa bila taabu, na nilipouliza walikokotoaje akiba ya mikopo chechefu ya benki moja, nilijibiwa kwa undani na mtu anayejua kazi yake. Ada ni dola 180 kwa mwaka na inajikata yenyewe mwaka ukiisha. Taarifa ya kukatwa nilipewa baada ya fedha kuondoka, na kusitisha lazima upige simu. Hilo silikubali kwa kampuni inayowafundisha watu kulinda fedha zao.

Ripoti za benki sasa zinauzwa peke yake kwa dola 70, bila toleo la kila mwezi. Hicho ndicho nilichobaki nacho. Ukitaka kujaribu, waombe ripoti ya robo ya kwanza ya 2009 kama sampuli, wanaitoa bure. Nenda moja kwa moja kwenye safu ya hisa mpya, kisha uitafute benki unayoifikiria.