Skopu ya kuzungusha kila wiki: nilivyozipanga mimi, kuanzia ya kwanza

Kwanza tuelewane, hapa naongea na nyie mlioko huku Marekani, mnaoenda renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, kila wikendi na kuwinda kulungu na nguruwe pori msimu ukifika, maana nyumbani habari za bunduki ni nyingine kabisa, Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, Tanzania upo lakini ni wa vibali na vitalu. Mi niko Texas, karibu kila Jumamosi niko renji napiga vibao vya chuma, na swali naloulizwa kuliko yote kuhusu skopu, ile darubini ya kulengea inayokaa juu ya bunduki, ni hili: kaka, nichukue skopu gani? Alafu kabla sijajibu mtu ameshaanza kunitajia zoom. Mara 25, mara 32, sijui mara ngapi.

Zoom mtaongea baadaye. Kwa mtu anayepiga mara kwa mara kitu cha kulipia ni tareti, yaani vile vifundo viwili vya kuzungusha, cha juu cha kupandisha na kushusha, cha ubavuni cha kushoto na kulia. Anayewinda siku tatu kwa mwaka anafunga skopu yake, anaweka ziro (anairekebisha mpaka risasi igonge pale anapolenga kwa umbali aliouchagua), hagusi tena mpaka mwakani, huyo hata skopu ya kawaida inamtosha na wala asihangaike. We unayezungusha kila wiki hebu piga hesabu: bunduki ya .308 yenye risasi za greni 168 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ziro yadi 100, ukitaka yadi 600 unapanda kama mili 4 na nusu (mili ni kipimo cha pembe, nitakieleza chini). Kliki moja ni sehemu ya kumi ya mili, kwa hiyo kliki 45 kwenda na 45 kurudi, jumla 90. Fanya hivyo mara kumi tu, tayari kliki 900 kwa Jumamosi moja, na mwaka ukiisha umepita 40,000. Na ndani mle kinachobeba mzigo wote huo ni skrubu nyembamba inayosukuma kijibomba chenye lenzi, upande wa pili kuna springi inayokirudisha. Skrubu ikilika au springi ikichoka, we unazungusha kliki 45 yenyewe inasogea 43, na ukirudi chini hairudi pale pale. Kioo kinang'aa vile vile, picha safi, ndo maana watu hawashtuki.

Mi lilinikuta. Skopu yangu ya kwanza, sitaitaja jina, nilinunua kwa sababu ilikuwa na zoom kubwa na taa nyekundu ndani, nikajiona nimemaliza. Miezi minne hivi nikaanza kukosa kibao cha yadi 400 ambacho nilikuwa nakipiga nimefumba jicho moja na nusu. Nikalaumu upepo, nikalaumu risasi, nikabadilisha risasi (hela hiyo), nikajilaumu mwenyewe, mpaka mzee mmoja wa pale renji akaniambia kijana hebu rudi yadi 100 tuipime hiyo darubini yako. Tukaipima. Kila nikipanda na kushuka ziro inahamia sehemu mpya, leo inchi mbili kulia, kesho moja na nusu juu.

Kipimo chenyewe sio cha kitaalamu. Tafuta kadibodi ndefu, boksi la friji linafaa sana, chora mstari wima kwa timazi kama fundi wa ukuta, chini weka nukta. Pima yadi 100 kwa futi ya kamba, usiamini kibao cha renji. Piga tatu kwenye nukta. Panda mili 10, lenga nukta ile ile ya chini, piga tatu tena: matundu yanatakiwa yawe inchi 36 juu, na yakae kwenye mstari, yasikimbie pembeni. Alafu rudi ziro, piga tatu za mwisho, ziingie kwenye kundi la kwanza. Ikipanda inchi 35 badala ya 36 lakini kila siku ni 35, hiyo unaishi nayo, unaiambia ile programu ya simu ya kupigia hesabu za risasi, inarekebisha. Ikiwa leo 35 kesho 37, irudishe dukani kabla risiti haijafutika.

Kuhusu vipimo nitapita haraka. Kuna vipimo viwili vya pembe, kuna MOA na kuna mili, ambayo kwenye tareti imeandikwa MRAD, na kwa sababu Mswahili yeyote akiiona anasoma mradi, kwenye kikundi chetu ndo imebaki hivyo, "panda mradi tatu". Kwa sisi tuliozoea mita, mili ni rahisi: mili moja kwa mita 100 ni sentimita 10, kliki ni sentimita moja. MOA moja kwa yadi 100 ni inchi moja na chembe. Chagua yoyote ila hakikisha msalaba wa ndani na tareti vinaongea lugha moja, usinunue msalaba wa mili na tareti ya MOA utateseka. Na kama utatumia zile alama za msalaba kupimia umbali au upepo, chukua ile ambayo msalaba unakua pamoja na picha, alama zinabaki sahihi zoom yoyote.

Kingine cha lazima ni ziro stopu, kizuizi kinachokufanya ukishuka ugote hapo kwenye ziro usipite. Ukikosa hicho, siku umechoka au giza linaingia utapotea mzunguko mzima bila kujua. Nitataja moja isiyo nacho na bado naipenda, nitaeleza kwa nini.

Haya, mpangilio wenyewe. Naangalia nani anavumilia kuzungushwa, sio nani ana kioo kizuri zaidi.

Ya kwanza ni Nightforce ATACR 5-25x56 F1 (5-25 ni zoom, mara 5 mpaka 25, na 56 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Jamaa wako Orofino, Idaho, na kitu chao kinajulikana kwa ugumu kuliko kwa urembo. Kliki zake unazisikia kwenye vidole hata umevaa glavu, ziro stopu ni ya chuma, inagota haswa. Ubaya ni mbili, uzito umepita kilo moja, na bei iko dola 3,000 na kitu. Sina yangu. Nimeipigia ya jamaa yangu msimu mzima mpaka akaanza kuniuliza lini nanunua ya kwangu.

Ya pili mtanicheka, SWFA SS 10x42. Haina zoom kabisa, mara 10 basi, haina taa, haina ziro stopu, na mzunguko mmoja wa tareti ni mili 5 tu kwa hiyo ukienda mbali inabidi uhesabu mizunguko. Ila kwa miaka imekuwa ikiuzwa kama dola 300, na kwa sababu ndani hakuna mitambo ya zoom, vitu vya kuharibika ni vichache. Yangu ina miaka sita, imeanguka kwenye kitanda cha pikapu, imelowa, nimeipima na boksi la friji mara nne na kila mara inchi 36. Ziro stopu nimejitengenezea ya kiswahili: nimechora mstari wa rangi ya kucha ya mke wangu kwenye bomba, ukionekana wote ujue umepanda mzunguko. Tatizo ni kupatikana, mara nyingi zinaisha, inabidi uvizie.

Ya tatu Leupold Mark 5HD 5-25x56. Hii ndo waliyoichukua jeshi la nchi kavu la Marekani kwa bunduki yao mpya ya wadunguzi, na sifa yake kubwa ni wepesi, kama gramu 850, kwa skopu ya ukubwa huo ni ajabu. Tareti ina kitufe, bila kukibonyeza haitoki ziro, kwa anayetembea porini hilo ni jambo kubwa maana tareti hazizunguki zenyewe zikigusa begi. Lakini sikia vizuri: bomba lake ni milimita 35. Sio 30, sio 34. Watu wananunua ringi (vile vishikizo vya kufungia skopu kwenye bunduki) za 34 wanafika nyumbani haziingii, mi nimeshuhudia wawili. Jiandae na dola 2,000 kwenda juu.

Ya nne Vortex Razor HD Gen II 4.5-27x56. Tareti zake unavuta juu zinafunguka, unasukuma chini zinajifunga, safi sana. Ila kilo moja na gramu karibu 400, ukiiweka kwenye bunduki ya kuwindia utajuta mlima wa kwanza. Ya mezani hiyo, ya kulalia chini na vijiguu viwili.

Ya tano, Viper PST Gen II 5-25x50 ya hao hao Vortex, mara nyingi inapatikana kwa hela isiyofika 1,000 au inayoizunguka. Ina ziro stopu, bomba la 30, tareti hazijifungi. Kwa anayeanza na anataka zoom, hapa ndo ningemwambia aishie. Na waranti yao ni ya maisha, haijali we ni mnunuzi wa kwanza au wa tatu, haitaki risiti, ndo maana hizi hata mtumba siziogopi.

Ya sita Arken EP5, ya Uchina, kama dola 500, ziro stopu ipo, bomba 34. Mi ningeifunga kwenye bunduki ndogo ya .22 ya mazoezi, teke lake dogo na unazungusha kuliko hata bunduki kubwa, kwa hiyo ni shule nzuri. Schmidt & Bender za Ujerumani sijaziweka sio kwa ubaya, ni kwamba anayeweza kuzinunua hahitaji ushauri wangu.

Turudi kwenye zoom kidogo. Texas mwezi wa nane, saa sita mchana, hewa inachemka juu ya ardhi kama moshi wa mkaa, hapo hata una mara 25 utashusha mwenyewe mpaka 12 au 14 ndo kibao kiache kucheza.

Alafu ringi. Nusu ya skopu zinazoitwa mbovu ni ringi mbovu, au zimekazwa kwa hasira. Skrubu za juu nyingi ni paundi inchi 15 mpaka 18, soma karatasi ya ringi zako, tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, usitumie mkono wa kufungia tairi. Ukikaza sana unalibana bomba na kile kijibomba cha ndani kinakwama, kliki zinaanza kudanganya na skopu haina kosa.

Feki zipo nyingi, hasa za Leupold na Vortex kwenye masoko ya mtandaoni, ukiona ya dola 2,000 inauzwa 250 "mpya kwenye boksi" usijidanganye una bahati. Omba serial namba iliyochongwa kwenye bomba, mpigie mtengenezaji akuangalizie.

Na la mwisho kwa wanaopanda ndege Desemba: skopu ya bunduki sio zawadi ya kutupia kwenye begi. Marekani inazihesabu kama bidhaa za kudhibitiwa, kuipeleka nchi nyingi kunataka leseni ya Idara ya Biashara, na huko unakofika nako wana maswali yao. Mjomba wangu aliniomba miaka miwili mfululizo. Nilimpelekea buti.