TAHADHARI: Jamaa wa mihuri anayejaza fomu za mkopo, msimpelekee mtoto wa mtu

Yule jamaa wa steshenari, ndiyo, yule yule wa meza ya bluu, kabla hujafika kwa muuza chipsi. Katupiga. Wadogo wanne, shilingi 162,000 kila kichwa, na hakuna fomu hata moja iliyofika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kinachouma zaidi ni kwamba hawakwenda peke yao. Tuliwapeleka sisi wa mwaka wa tatu chuoni, tunaokula bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, tunaoijua fomu ile kurasa kwa kurasa.

Mchanganuo wake huu hapa. 30,000 ada ya maombi, na hapo hakudanganya, ada ya Bodi ndiyo hiyo. 15,000 ya kujaza. 10,000 muhuri wa wakili, 5,000 muhuri wa serikali ya mtaa, 2,000 kuskani. Jumla 62,000. Angeishia hapo tungesema basi, bei za mjini. Ile 100,000 ya juu aliiita "ya mtu wangu wa ndani", na watu wazima na akili zetu tukaitikia.

Mtauliza tulimwaminije. Alianza kwa kukataa pesa. Alichukua cheti cha kuzaliwa cha dogo wa kwanza, akakilaza juu ya cheti cha kidato cha nne, akapitisha kidole herufi kwa herufi. Huku Shabani, kule Shaaban. "Majina hayafanani, kaka. Nenda kwanza kwa wakili ukaape, bila hivyo watakurudisha." Akamrudishia karatasi zake na hela yake. Na ni kweli kabisa, jina likipishana kati ya cheti cha kuzaliwa cha RITA na cha mtihani cha NECTA, maombi yanakwama. Tapeli anayekuambia ukweli mmoja wa bure, ukweli ambao wewe mwenyewe ulikuwa umeupita, huyo ukimshtukia hongera yako.

Kesho yake dogo karudi na kiapo, wenzake watatu nyuma. Jamaa akageuza kompyuta ili wote tuone. Ukurasa wa Bodi ule wenyewe, nembo ile ile. Akaingiza namba ya mtihani ya kidato cha nne, S na namba ya shule, namba ya mtahiniwa, mwaka. Jina likajitokeza lenyewe kwenye skrini. Ukiona jina la mdogo wako limetoka lenyewe namna ile, unashusha pumzi. Akafika kwenye namba ya simu na baruapepe, akaandika zake. "Nyie laini mnazitupatupa, meseji ya Bodi ikija mtaikosa." Tukacheka. Tulicheka jamani!

Hapo ndipo alipomaliza kazi, yaliyofuata ni maigizo tu. Mwenye namba na baruapepe ndiye mwenye akaunti. Akibadilisha paswedi, ujumbe wa kuirejesha unaenda kwake, na wewe mwenye cheti unabaki kupiga magoti kwenye akaunti yenye jina lako.

Kwenye malipo akasema mfumo umelala, tumrushie kwenye namba yake, yeye atalipia usiku ukiamka. Sasa sikilizeni vizuri. Kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali, inazalishwa na mfumo, ndani ya akaunti ya mwombaji. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Unailipia mwenyewe kwenye simu yako, menyu ya malipo ya serikali, au benki au kwa wakala, na hailipwi kwa kumrushia mtu. Mfumo ukilala, unasubiri uamke. Yeye siku ya pili katuletea risiti nne zilizochapwa vizuri, tukazikunja tukaweka kwenye bahasha. Wiki tatu baadaye ndio tukazipanga mezani pamoja: kontroli namba ile ile, kumbukumbu ya muamala ile ile, saa ile ile, dakika ile ile. Majina tu ndiyo yaliyotofautiana, na la mwisho lilikuwa la mwandiko mwingine kidogo, mnene. Huenda alilipia mmoja, huenda hakulipia hata huyo.

Mihuri sasa. Alivuta droo ya pili, akatoa minne, akajaribia mmoja nyuma ya bahasha kuukuu, akapiga kwenye fomu, akapuliza wino usipakae. Wakili hayupo, mjumbe hayupo. Fomu ile unaichapa, unaipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji chako, kisha unaapa mbele ya wakili au hakimu anayekuona kwa macho, mdhamini naye anatia sahihi yake, ndipo unaskani kurasa zenye sahihi na kuzipandisha. Dogo wetu ni wa kijiji huko Handeni. Fomu yake imegongwa muhuri wa mtaa wa Kinondoni. Hakuna aliyesoma maandishi ya duara. Wino ulikuwa umekolea, basi.

Na hili la aibu nalisema ili lisijirudie. Mmoja aliambiwa, "Tukikuweka yatima unapata mkopo asilimia zote." Baba yake yu hai, anauza machungwa Muheza. Dogo akakubali. Cheti cha kifo kikatoka kwenye droo ile ile. Vyeti vya vifo navyo vinahakikiwa RITA kama vya kuzaliwa, namba ya kubuni haipiti, na nyaraka ya kughushi ikikutwa kwenye jina lako anayeitwa polisi ni wewe, jamaa wa meza ya bluu hayumo popote.

Dirisha la maombi lilipofungwa akaanza kutupiga tarehe. Mara mtu wake yuko Dodoma, mara majina yanatoka awamu ya pili. Aliyechaguliwa vyuo viwili ndiye kaona cha moto: namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja iliingia kwenye simu ya jamaa, maana hata maombi ya chuo alimjazia yeye. Akadai 20,000 ya kuisoma! Kwa paswedi za mkopo alitaka 50,000 kila mmoja. Tukalipa moja kuona. Akaunti ikafunguka, maombi hayajawasilishwa, sehemu ya kupandisha kurasa tupu kabisa.

Rufaa haipo. Rufaa ni ya aliyeomba akakosa au akapangiwa kidogo. Ambaye hakuwasilisha hana cha kukatia. Kilichobaki ni kuripoti chuoni kwa ada ya mfukoni na kuomba mwakani kama mwanafunzi anayeendelea. Bumu ni 10,000 kwa siku, pigeni wenyewe hasara ya mwaka mzima.

Mtu kama huyu mihuri ichukuliwe yote, kompyuta ichukuliwe, asimame mahakamani ajibu kwa kila jina. Hii ya "tumsamehe ana familia" sitaki kuisikia, hata muuza machungwa ana familia. Lakini msimpige. Akipigwa, kesi inageuka yetu.

Dalili, haraka haraka: anaandika namba yake mahali pa yako. Pesa inaingia kwake. Muhuri unatoka kwenye droo. Anamtaja mtu wa ndani. Ukiona hata moja, chukua vyeti vyako uondoke, halisi na kopi, maana kopi zetu bado anazo.

Mwingine aliyepitia mikononi mwake asimpigie simu kumtisha, atahamisha meza. Tunakwenda kituo cha polisi Jumatatu saa tatu asubuhi. Njooni na meseji ya muamala mliomrushia, msiifute, na risiti aliyowachapia, na ile fomu yenye muhuri. Dogo wa Muheza naye anakuja. Baba yake kashaambiwa.