Daraja ya Safaricom kwa developa wa peke yake, maoni yangu baada ya miezi 8

Naandika hii manake vijana kadhaa huniuliza swali moja, nimemaliza kujenga kitu changu, sasa nikusanye pesa vipi? Jibu langu, kama uko Kenya na huna kampuni nyuma yako, huna mhasibu, ni wewe na laptopu yako, anza na Daraja, ile huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu yako na M-Pesa. Nimeitumia miezi 8 na naipenda kwa dhati, lakini kuna mahali lazima upaelewe vizuri la sivyo utahesabu pesa ambazo hazijaingia.

Nilichojenga ni daftari la mafundi nguo. Fundi anaandika vipimo vya mteja, kitambaa gani, ametanguliza shilingi ngapi, nguo inachukuliwa lini, na siku mbili kabla anakumbushwa. Ni shilingi 150 kwa mwezi. Mafundi wangu wengi wako Kongowea na Majengo hapa Mombasa na nimewapata kwa miguu, nakaa kando ya cherehani hadi fundi amalize mshono ndo nimwoneshe. Nimelijenga usiku nikitoka kazini, kwa zana za bure Django na SQLite, seva moja ndogo ya ramu GB 1. Inatosha kabisa, tafadhali usinunue seva kubwa kabla hujapata wateja.

Mwanzo sikwenda Daraja moja kwa moja, nilipitia kampuni moja ya kati, zile za kukukusanyia malipo halafu wakutumie. Kuunganisha ilikuwa kazi ya siku moja tu, hilo nawapa. Lakini pesa ilikuwa yakaa kwao siku kadhaa na kila 150 wamega kidogo, na mtu mwenye wateja 20 hicho kidogo ndo bando lake la mwezi. Nikaona niende kisimani mwenyewe.

Daraja, kwa asiyeijua, ni mlango wa Safaricom ambao programu yako inapitia kuongea na M-Pesa, upo tangu 2017. Unafungua akaunti bure, unapewa funguo mbili, unaanza kujaribu siku hiyo hiyo kwa sandboksi, yaani uwanja wa majaribio usio na pesa halisi, na ile shortcode (namba ya biashara) ya majaribio 174379 ambayo kila developa Kenya anaijua kwa kichwa. Kwa funguo zako unaomba tokeni, yaani kibali cha muda, na tokeni yaishi sekunde 3600, yaani saa moja, kwa hivo ihifadhi uitumie tena, usiombe mpya kila mteja akibonyeza kitu. Nenosiri la kila ombi ni shortcode, passkey (ufunguo wa siri wanaokupa) na muda wa tarakimu 14 vikiunganishwa halafu vikapitishwa base64, njia ya kuyageuza maandishi. Namba ya simu ianze na 254, sio 07, andika kipande cha kuigeuza mapema kabisa manake hakuna fundi atakayeandika 254.

Na kilichofanya niipende ni STK, ombi la malipo linalotokea lenyewe kwa simu ya mteja. Mteja haingii menyu, hakariri namba, simu yake yenyewe yaamka inamuuliza PIN. Na kwa sababu ni kitu cha kwa laini, sio cha app, kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, pia yapokea. Hii kwangu ndo kila kitu. Kuna fundi wangu mmoja hutumia daftari kwa simu ya binti yake, lakini laini yenye M-Pesa iko kwa kabambe yake mwenyewe mfukoni. Binti anabonyeza lipa kwa simu yake, kabambe ya mama inaamka, mama anaweka PIN, kwisha. Kadi ya benki ingemfanyia hivo? Wala.

Sasa twende pale pagumu, soma hapa polepole. Ukituma ombi la STK unajibiwa pale pale, ResponseCode ni 0, na maneno yanasema ombi limekubaliwa. Hiyo 0 maana yake ni ombi lako limepokelewa basi, mteja bado hajaona hata kitu kwa simu. Jibu la malipo lenyewe linakuja baadaye, kwa kolbeki, ile anwani ya seva yako uliyowaandikia, na huko ndo kuna ResultCode. 0 ni kalipa, 1 hana salio la kutosha, 1032 amekataa, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati, 2001 amekosea PIN. Mimi wiki yangu ya kwanza nilisoma ile 0 ya mbele nikafungulia watu mwezi mzima. Mafundi 9 walionekana wamelipa, kwa till, namba yangu ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, wamelipa 4. Hakuna aliyeniibia, wale 5 wengine hata hawakujua wamepewa mwezi, nilikuwa nimeandika msimbo kabla ya kuelewa mambo yanavyokwenda.

Nikarekebisha, sasa nikawa naona ukweli, na ukweli ulikuwa 1032 nyingi sana. Watu wanakataa. Nikadhani bei ni kubwa, nikaanza hata kufikiria kushusha hadi 100. Halafu mama mmoja fundi wa Kongowea akanipigia, "Mwanangu, hii simu yaniambia nilipe mtu wa mayai, na mimi sijanunua mayai kwa mtu." Nikanyamaza kidogo nikaelewa. Till niliyounganisha niliifungua zamani nikiuza mayai, na kile kisanduku cha PIN huonyesha jina la biashara lililosajiliwa na till, sio jina la tovuti yako. Mama alifanya sawa kabisa kukataa. Hapa kwetu kila mtu ana jamaa aliyepigiwa simu akadanganywa akatuma pesa, mtu akiona jina geni linataka PIN lazima akatae, na mimi ningekataa. Nikamwambia, "Shikamoo mama, kosa ni langu, nipe siku chache." Nikachukua till nyingine yenye jina la daftari, na juu ya kitufe cha kulipa nikaandika kwa Kiswahili, simu yako itakuuliza PIN, utaona jina hili, kiasi ni 150, kama jina si hili usilipe. Tangu hapo 1032 kwangu ni mara moja moja. Bei sikuigusa.

Kwa hivo kabla ya kufikiria rangi za tovuti, fikiria jina la till yako.

Mengine kwa haraka. Ukitumia till badala ya Paybill, ile namba ya M-Pesa ambayo mteja huandika na namba ya akaunti, aina ya muamala ni CustomerBuyGoodsOnline, na PartyB ni till yenyewe wakati BusinessShortCode ni ile namba ya duka, ni namba mbili tofauti, wengi wanapotelea hapo siku nzima. Uzuri wa till ni kwamba mteja hakatwi chochote juu ya 150 yake, kwa bei ndogo kama yangu hilo ni kubwa. AccountReference, yaani maneno ya kutambulisha malipo, ni herufi 12 tu. Kolbeki lazima iwe HTTPS, anwani yenye cheti cha usalama, na cheti cha Let's Encrypt ni bure lakini kinaisha baada ya muda mfupi, weka kijihuishe chenyewe. Na kuingia live, yaani kuanza kupokea pesa halisi, unahitaji uwe na till au Paybill yako tayari na uwe na ruhusa za juu kwa ile potali ya M-Pesa ya biashara, hiyo panga mapema usiisubiri usiku wa kuamkia uzinduzi.

Kolbeki yataka ulinzi pia. Ile anwani iko wazi kwa intaneti, mtu akiijua anaweza kukutumia jibu feki lenye ResultCode 0 na ukamfungulia. Mimi kila ombi nahifadhi CheckoutRequestID yake, ile namba ya kipekee Daraja inayolipa ombi, jibu likija bila ID ninayoijua nalitupa, na lenye ID ninayoijua bado nauliza Daraja tena kwa ile huduma ya kuulizia hali ya STK kabla sijafungua. Hiyo hiyo ndo huniokoa umeme ukikatika au seva ikizimika, manake kolbeki ikikuta mlango umefungwa utabaki hujui mtu kalipa au la. Kila dakika 5 napitia maombi ambayo hayajajibiwa, nauliza, nafunga hesabu. Mtu amelipa 150 yake halafu daftari limwambie hujalipa, huyo hutamuona tena, na atawaambia mafundi wote wa laini ile.

Wenzetu wa Tanzania, najua mtauliza. Daraja ni ya M-Pesa ya Kenya, M-Pesa ya Vodacom ina mlango wake tofauti wa developa, msimbo huu hauhamii vile ulivyo. Ila ile tabia ya kutoamini jibu la kwanza hadi uone la malipo, ihamisheni yote.

Na kama biashara yako yauza nje ya nchi kwa watu wa kadi, hii haikufai, tafuta nyingine usijitese.

Yule mama wa Kongowea bado yuko. Juzi kabla ya Idd alikuwa na nguo za watu zimejaa hadi mlangoni, nilipita nikamkuta analipa mwezi wake mwenyewe, mguu mmoja bado uko kwa cherehani. Akaniuliza, "Na hao wateja wangu, mbona nisiwatumie hivi hivi walipe ya kutanguliza?" Ni swali zuri, manake pesa hiyo lazima iende kwa till yake yeye, sio yangu ya katikati kama ile kampuni niliyoikimbia, kwa hivo kila fundi atataka till yake iunganishwe. Jumatatu twaenda naye kufungua ya kwake, na jina tushakubaliana, liwe lile lile lililoandikwa kwa mlango wa duka lake.