Mafunzo ya ajaili kwa watumishi wa halmashauri, Kigoma: msitume mtu mmoja mmoja

Ada ni shilingi 450,000 kwa kichwa, Jumatatu mpaka Ijumaa. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mtendaji aliyenipigia simu tangu nirudi. Ndani yake mna chai ya saa nne, chakula cha mchana, kabrasha na cheti. Nauli na malazi ni juu ya mwajiri wako kama kasma ina kitu. Kama haina, ni juu ya shemeji yako mwenye nyumba Gungu. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja pale Mwanga, feni nzima, projekta nzima, umeme ukiwepo. Kampuni inatoka Dar es Salaam. Jina lao naliacha, maana nina mazuri yao na mabaya yao, na mabaya nimekwisha waambia usoni.

Mimi ni mtendaji wa kata ya mwambao. Ziwa Tanganyika liko nyuma ya ofisi, mtandao uko juu ya mlima. Barua ya mwaliko ilisema "stadi za kidijitali na mbinu za ajaili kwa watumishi wa Mamlaka za Serikali za Mitaa". Ajaili ni "agile" ya Kiingereza: kufanya kazi kwa vipande vidogo na kukubali kubadilika njiani. Tuliojaa ukumbini tulikuwa watendaji wa kata, maafisa maendeleo ya jamii, wahasibu, watu wawili wa ugavi na kijana mmoja wa TEHAMA ambaye kutwa nzima aliitwa huku na huku kuunganisha simu za watu na Wi-Fi. Wenzetu wa vijiji vya kaskazini walishuka Kibirizi na boti alfajiri, wengine viatu bado vina maji. Wakubwa walikuwa wameamua haki itendeke: kila kituo kitoe mtu mmoja. Haki hiyo iliharibu nusu ya mafunzo, nitafika huko.

Siku mbili za mwanzo, zile za kidijitali, ni dhaifu. Nasema hivyo bila chuki. Kijana aliyefundisha alikuwa mcheshi, anavaa vizuri, anajua kompyuta yake. Lakini alitufundisha kupamba slaidi na kuchora grafu kwenye Excel kwa takwimu za duka la viatu. Mzee mmoja, mtendaji mwenzangu anayekaribia kustaafu, akanyoosha mkono: "Mwanangu, mimi sina duka. Nina POS yenye deni."

Ukumbi mzima ulicheka, ila ndilo swali lenyewe. Kwa asiyejua: ushuru wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, unakatwa kwa mashine ya POS, POS inasomana na TAUSI, mfumo wa mapato ya halmashauri, na kila risiti uliyotoa inakaa kwa jina lako kama deni mpaka fedha iingie benki. Benki iko mjini, wewe uko kijijini, na ziwa likichafuka boti haziondoki. Kulipia kwa simu inawezekana, unatoa namba ya kumbukumbu ya malipo unalipa, lakini wakala wa kijijini anakwambia floti yake imeisha tangu jana. Siku zinapita, fedha iko kwenye droo, mgonjwa anahitaji kupelekwa mjini, mtu anachota kidogo "nitarudisha", na hapo tayari umeingia kwenye fedha mbichi, yaani kutumia makusanyo kabla hayajafika benki. Hoja ya mkaguzi inakuja na jina lako. Hayo ndiyo maisha yetu ya kidijitali. Mwezeshaji hakuwa amewahi kuuona ukurasa wa TAUSI. PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, aliisikia kwetu. Alipoulizwa habari za MUSE, mfumo wa malipo na uhasibu serikalini, mhasibu wa mstari wa mbele ndiye aliyejibu, na akajibu vizuri hadi tukatamani apewe yeye kipaza sauti.

Kipindi kimoja cha siku hizo nakisifu: usalama wa taarifa. Alitwambia kila mtu afungue simu yake, aingie kwenye magrupu ya kazi, ahesabu picha za vitambulisho vya NIDA vya wananchi zilizomo. Sitataja hesabu ya mtu. Ukumbi ulinyamaza. Kisha akatusomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, akatuonesha kwamba ile tabia ya "nitumie picha ya kitambulisho nikusaidie haraka" inahitaji kufikiriwa upya. Akafuata habari ya nywila. Kuna ofisi ambazo nywila ya mfumo imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya kompyuta ili "yeyote aliyepo" aingie. Likitokea la kutokea, mfumo unamjua mwenye jina, yeyote aliyepo haumjui. Kipindi hicho kingekuwa cha siku nzima.

Jumatano akaja mwezeshaji mwingine, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi halmashauri kabla ya kuingia kwenye mambo ya ushauri. Tofauti ilionekana kabla hajamaliza kujitambulisha, maana alianza kwa kuuliza nani ana taarifa ya robo mwaka haijaenda. Mikono ikapanda.

Historia aliipitia upesi. Februari 2001, watengeneza programu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya theluji ya Utah, Marekani, wakakubaliana tamko fupi lenye thamani nne na kanuni kumi na mbili: kwa ufupi, toa kazi vipande vipande, mwoneshe mtumiaji mapema, kubali kubadilika. Ubao wa kadi, ambao tungeuchora baadaye, nao una asili ya kiwandani, kwa Toyota, Japani. Uingereza walilipeleka jambo hili mpaka kwenye halmashauri: Julai 2018 wizara na serikali za mitaa walitoa tamko la pamoja la kidijitali, ukaanzishwa mfuko wa pauni milioni 7.5, na watumishi wa halmashauri wakafunguliwa mafunzo ya GDS Academy, chuo cha kidijitali cha serikali yao, bila kulipa. Hapo mtu wa nyuma akauliza kama hizo za bure zinapokea watu wa Kigoma. Mama akasema hapana, tuendelee.

Kisha akaweka kando projekta. Akabandika mabango kitita ukutani, akachora safu tatu: ya kufanywa, inafanywa, imekwisha. Akatugawia karatasi za kubandika na kalamu rangi, akasema tuchague huduma moja tu. Kundi letu tulichagua mikopo ya asilimia kumi, ile inayotengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na tangu irudi ofisini kwangu hapakaliki. Kila kikundi kinachofuatilia mkopo kikapata kadi yake. Akatwambia tusiandike "inashughulikiwa". Tuandike iko mezani kwa nani na inasubiri nini.

Tulipomaliza, safu ya katikati ilikuwa imefura hadi kadi zinadondoka. Karibu zote zilikuwa zinasubiri vitu vilevile: katiba ya kikundi yenye saini pungufu, akaunti ya benki ambayo haijafunguliwa, mwanachama mmoja ambaye NIDA yake ina jina tofauti na la kwenye muhtasari. Kumbe katika ofisi zetu afisa maendeleo ya jamii na mtendaji, watu tunaoshinda jengo moja, tulikuwa tunawarudisha wananchi haohao kwa siku tofauti kwa kasoro tofauti. Mama akaweka sharti: safu ya katikati isizidi kadi tano. Ya sita haiingii mpaka moja itoke. Dada mmoja wa Uvinza akagoma, akasema mwananchi akifika huwezi kumwambia subiri. Mama akamjibu, "Sasa hivi anasubiri vilevile, ila hujamwambia." Hilo jibu limenikaa.

Sehemu ya pili ni kikao cha kusimama, robo saa kila asubuhi. Kila mtu anasema alichomaliza, anachofanya leo, kinachomkwamisha. Hakuna dondoo, hakuna sala ya kufungua, hakuna soda. Kwetu sisi tuliozoea kikao kinachoanza na "itifaki imezingatiwa", robo saa ni muda wa kumsubiri mwenyekiti avute kiti.

Nirudi kwenye haki ya mtu mmoja mmoja. Ukumbini palikuwa na kundi moja tu lililotoka ofisi moja: watu watano wa kitengo cha biashara na mapato, waliobahatika kwa sababu ofisi yao iko jirani na ukumbi na nafasi zilibaki. Wale walitengeneza ubao wa leseni zao halisi, wakabishana kweli, wakakubaliana nani aache nini, na Ijumaa walitoka na ubao unaofanya kazi. Sisi wengine tulifanya mazoezi na watu ambao Jumatatu inayofuata hatutaonana nao. Nilikuwa kundi moja na mtu wa Buhigwe, mtu wa Kasulu na mtu wa ugavi. Tulipendana sana. Hatuna faili hata moja linalopita kwetu sote. Kikao cha kusimama cha mtu mmoja ni kusimama tu. Ukirudi kituoni na kuwaeleza wenzako, wanakuona umetoka semina na maneno mapya, wanasubiri yakuishe.

Kuna mahali ambapo ajaili yenyewe inagonga ukuta wa serikali, na hapo wawezeshaji wote wawili walipita haraka. Bajeti yetu inaanzia vijijini kwenye O&OD, ule upangaji wa kutazama fursa na vikwazo, inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inaingia PlanRep ndani ya ukomo, Baraza la Madiwani linapitisha, na mwaka unaanza Julai. Kubadili kifungu katikati kuna ngazi zake na barua zake. Mwaka 2024 nchi nne za ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi, samaki wazaliane, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukizitazama tarehe hizo, zimekula miaka miwili ya fedha: mwisho wa 2023/24, wakati kila mtu anakimbizana na lengo, na mwanzo wa 2024/25. Mialo ilikauka. Lengo la mwaka la ushuru wa samaki halikujua kwamba ziwa limefungwa. Nilimuuliza mama, mbinu ya kukubali kubadilika inasema nini hapo? Akasema tupange upya kila baada ya wiki mbili kile kilicho ndani ya uwezo wetu. Jibu la uungwana, lakini nilitaka tukae nalo mchana mzima. Yule wa ugavi naye, alipoambiwa unaweza kumjaribu mzabuni kwa kipande kidogo kisha ukabadilisha, alicheka mpaka akavua miwani. "Dada, hiyo uiingize wewe kwenye NeST, mimi nitazame." NeST ndio mfumo wa ununuzi wa umma.

Kinachonifanya nisiwanyime nyota ni kitu kidogo alichotuonesha Ijumaa. Zile kadi zilizofika safu ya mwisho, kila Ijumaa mchana tuziingize kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Tangu PEPMIS ichukue nafasi ya OPRAS tumekuwa tukikaa mwisho wa mwezi tunajikumbusha tulifanya nini, tunaandika hadithi. Sasa nanakili kadi, kazi kwa kazi. Robo saa, kama mtandao umeamka vizuri.

Ofisini kwangu ubao uko ukutani, nyuma ya meza ya afisa maendeleo, kwa sababu upande wangu paa linavuja. Kikao cha kusimama kimebaki Jumatatu na Alhamisi. Kila siku kilitushinda, maana afisa ugani anaanzia mashambani na afisa elimu kata anaanzia shuleni. Sharti la kadi tano linashikilia, isipokuwa diwani anapopiga simu. Vikundi vya kina mama wamejifunza kuusoma ubao wenyewe. Wanaingia, wanasalimia, wanautazama kabla hawajanitazama mimi. Juzi mmoja ameniuliza kwa nini kadi yao haijasogea tangu wiki iliyopita wakati ya wenzao imesogea. Nikamwambia katibu wao hajaleta muhtasari. Akatoka kwenda kumtafuta katibu, mimi nikaendelea na chai.

Chakula kilikuwa kizuri, niseme na hilo: migebuka ya kukaanga, ugali wa muhogo kwa wanaotaka, na siku moja maharage ya mawese ambayo watu wa Dar waliyaogopa mpaka walipoyaonja. Kabrasha ni la Kiingereza kitupu, jambo ambalo sikulielewa, wakati mafunzo yote yaliendeshwa kwa Kiswahili. Cheti kina karatasi nzito.

Nawapa nyota tatu kati ya tano: moja ya kipindi cha usalama, mbili za yule mama.

Nasikia awamu nyingine itakuwa Kasulu. Mkitaka kwenda, mwombeni mkurugenzi apeleke ofisi moja nzima badala ya ofisi tano mtu mmoja mmoja. Gharama ni ileile. Bebeni faili zenu halisi, zenye vumbi lake, mkifunika majina ya wananchi. Mbebe na ekstensheni ya umeme, soketi ukumbini hazitoshi. Na kabla hamjalipa, ulizeni kama yule mama atakuwepo. Wakisema atafundisha kijana wa slaidi peke yake, fedha hiyo nunueni rimu za karatasi, kalamu rangi na gundi, mbaki ofisini.