Nguzo ya katani ya kukwaruzia paka: maoni yangu baada ya kuitumia

Wenye paka na makochi ya kitambaa, hii inawahusu. Naongelea nguzo ya kukwaruzia iliyozungushiwa kamba ya katani. Ya kwangu nimechongewa na fundi seremala wa mtaani hapa Tanga kwa 35,000, kamba nikanunua mwenyewe, na kwa kweli sijawahi kuwanunulia paka wangu Kaniki na Shombo kitu kikawafaa kama hiki.

Kwanza tuelewane, paka hakwaruzi kochi ili akukomoe. Kucha lake linaota kwa matabaka, akikwaruza lile ganda la nje lililozeeka linabanduka, mimi nikifagia chini ya nguzo nayakuta, vimaganda vyembamba vilivyopinda, ndani vitupu. Halafu kwenye nyayo ana tezi za harufu kwahiyo anaweka alama kwamba hapa ni kwake, na bado ananyoosha mgongo na mabega, ndo maana akiamka tu usingizini anaenda moja kwa moja kukwaruza. Sasa jambo kama hilo utamkatazaje? Utafoka, utamrushia maji, mwisho wa siku atakachojifunza ni kukuogopa wewe, ukitoka analirudia kochi lake. Na wale wanaouliza kama kuna daktari wa kumtoa kucha kabisa, jamani, ile ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole, Uingereza ni kosa kisheria, tusifikirie hata kidogo.

Kabla ya hii nilinunua nguzo ya dukani, imevalishwa zulia laini, inapendeza kwa macho lakini fupi na nyepesi, Kaniki alipoiegemea ikamwangukia na toka siku hiyo hakuisogelea tena. Ndo nikamwambia fundi vitu viwili tu: iwe ndefu kiasi paka asimame kwa miguu ya nyuma ajinyooshe mpaka mwisho, na kitako kiwe kizito kisitikisike. Akaweka ubao mpana wa mbao ngumu chini, ukiisukuma kwa mkono haiendi popote.

Kamba ndo roho ya nguzo yenyewe. Katani ni ngumu, kucha linashika vizuri, na nyuzi zinachanika taratibu, paka wanapenda wakiona kazi yao inaonekana. Inaniuma kidogo kuona watu wa Tanga tunanunua nguzo za zulia kutoka nje wakati katani ni yetu tangu 1893, Hindorf yule Mjerumani alipoleta miche kutoka Florida ikafika hai 62 tu, ikapandwa huku Pangani, na kufika miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inaongoza dunia kwa katani. Kamba ipo, mafundi wapo.

Mahali pa kuiweka pia ni muhimu sana, usiifiche stoo. Mimi niliibandika ubavuni mwa kochi pale pale walipokuwa wanakwaruza, sikumshika mtu mguu kumlazimisha, nikiona anaitumia namsifia na kumpa kadagaa. Shombo alianza siku hiyo hiyo, Kaniki alichukua muda, anaizunguka, anainusa, anaondoka, nikamwacha kwa nafasi yake mpaka akaja mwenyewe.

Na hapa ndo nimejifunza kitu kikubwa na paka hawa. Mwanangu alikuwa anachora ukutani na kila siku ni kelele na kilio, nikajiuliza mbona paka nimempa pa kukwaruzia na mtoto namgombeza tu? Nikamtafutia ubao na chaki nikauweka ukuta ule ule. Sasa hivi anachora humo, nyumba imetulia, na mimi mwenyewe nimepunguza ukali, nikiona mtu anarudia jambo naanza kwa kuuliza anatafuta nini.

Kasoro zipo. Vumbi la nyuzi utafagia kila siku, na kamba inalegea sehemu ya katikati wanapopendelea, kwahiyo mwambie fundi aifunge kwa gundi na pini upande wa juu na chini ili uweze kuibadilisha bila kununua nguzo nyingine, na pini zizame kabisa zisije zikamchoma. Kamba uinuse kabla hujalipia maana nyingine zimepakwa mafuta, zinanuka, paka wengi hawazitaki. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya vumbi.